Kuku akichechemea: jipu la wayo na namna ya kuliuguza

Kuku mwenye jipu la wayo hajisemi mapema. Atakula, ataoga vumbi chini ya mwembe, hata kutaga atataga, huku mguu unaharibika. Siku mtoto wa nyumbani anapokuja kusema kuku wake anachechemea, kwa kawaida kidonda kimeshakaa wiki kadhaa. Kwa hiyo sisi tunaofuga kuku kwa mapenzi hapa Kigoma, kuku wenye majina ambao hakuna anayewaza kuwatia sufuriani, hatusubiri achechemee. Tunakagua miguu yao usiku, mara moja kwa wiki, wakiwa wameshapanda kulala.

Usiku una sababu yake. Mchana utamkimbiza uwanja mzima, na kuku anayekurupuka juu ya mguu mbovu anajiumiza zaidi. Gizani hatembei. Mfikie taratibu na tochi ya simu, mshushe, mkumbatie kwapani, geuza wayo juu uufute kwa kitambaa kibichi. Usiufute kavukavu, maana kinyesi kilichoganda kinafanana sana na kigaga. Wayo mzima ni laini, una vinundu vidogo vidogo kama ulimi wa paka, na rangi yake ni moja. Unachotafuta ni doa jeusi la mviringo katikati ya wayo au chini ya kidole, gumu, limezama kidogo, ukubwa wa punje ya pilipili manga au kupita hapo. Bonyeza kandokando yake kwa kidole gumba. Halafu shika mguu wa pili ulinganishe. Ukiwa mmoja una joto kuliko mwenzake, na ngozi kati ya vidole imetuna kiasi cha kuonekana hata ukiutazama kwa juu, tatizo halipo kwenye ngozi tena. Limeshuka ndani.

Kabla ya kuandaa maji ya moto, hakikisha ni jipu kweli. Mguu uliofanya magamba yaliyoinuka, yenye unga mweupe kama chokaa, kuanzia vidoleni kupanda juu, ni utitiri wa miguuni. Wayo wenyewe unaweza kuwa mzima kabisa. Kuku anayeburuta mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, bila uvimbe wala kidonda, ana shida ya mishipa ya fahamu, na huyo ni wa kutengwa siku hiyohiyo na kuitiwa mtaalamu wa mifugo, hasa kama wenzake nao wanaanza kupooza au kupinda shingo. Na kwa wanaokaa karibu na mialo, Kibirizi, Katonga au Ujiji, kuna jambo la tatu ambalo watu wa mbali na ziwa hawalifikirii: uzi wa nyavu. Nitalirudia mbele.

Sasa jipu lenyewe. Linaanza na mlango mdogo kwenye ngozi: kibanzi cha fito, mwiba, mchubuko wa kutua vibaya. Kwenye mlango huo wanaingia bakteria, mara nyingi wale waitwao stafilokokasi, ambao wanaishi kwenye ngozi ya kuku mzima na ya binadamu pia. Ndiyo maana huvai glavu kwa ajili ya kuku peke yake. Ukiwa na mkwaruzo mkononi, nawe unaweza kuvimba kidole. Kisha mwili wa kuku unafanya jambo ambalo mwili wetu haufanyi. Jipu la mtu huiva, likapasuka, usaha ukamwagika. Chembe nyeupe za damu za ndege hazina kimeng'enya cha kuyeyusha usaha ukawa majimaji, kwa hiyo usaha wa kuku unaganda. Unakuwa donge la njano iliyopauka, kavu na la kumeguka, mfano wa kiini cha yai lililochemshwa mno. Mwili unalizungushia ukuta, na kile kigaga cheusi kinakuwa kifuniko chake.

Ukilielewa donge hilo, umeelewa kwa nini watu wengi wanashindwa. Wanakwenda duka la dawa za mifugo, wanapewa unga wa oksitetrasaiklini wa kuchanganya kwenye maji, kuku anakunywa siku tano, uvimbe unanywea kidogo, halafu unarudi palepale. Dawa husafiri na damu, na ndani ya lile donge damu haifiki. Dawa ya kunywesha inasaidia pale maambukizi yanapoanza kupanda kuelekea kwenye kifundo, na kipimo chake kinapangwa na mtaalamu kwa uzito wa kuku. Haiondoi donge. Na ukishampa, mayai yake na nyama yake haviliwi mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Kwa kuku mwenye jina nyama si hoja, lakini mayai watoto wanayaokota.

Kinachoondoa donge ni maji moto, chumvi na subira. Kisu kije mwisho kabisa, na kiwe mkononi mwa mtu aliyesomea.

Andaa hivi. Chemsha maji lita mbili, yaache yapoe mpaka ukitumbukiza kiwiko usikie uvuguvugu kama wa maji ya kuogeshea mtoto mchanga. Tia vijiko vikubwa viwili vya chumvi. Chumvi ya Uvinza ya mawe inafaa sana, ila ikoroge mpaka iyeyuke yote na uchuje mchanga kwa kitambaa. Mfunge kuku ndani ya kanga, mabawa yabanwe mwilini, na ncha ya kanga imfunike macho. Akiwa gizani anatulia. Usimbane kifua. Kuku hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Anapumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari, kwa hiyo ukimkandamiza kifua, au ukimlaza chali dakika nyingi, unamnyima pumzi hata kama pua na mdomo viko wazi. Msimamishe kwenye beseni, maji yafike juu ya vidole, dakika kumi na tano hadi ishirini. Yakipoa, ongeza ya moto pembeni kidogo kidogo huku mkono wako ukiwa ndani.

Fanya asubuhi na jioni kwa siku tatu kabla hujagusa kigaga. Hapa ndipo watu wanapokosa uvumilivu. Siku ya kwanza kigaga ni kigumu kama ukucha. Ukiking'oa siku hiyo kinachanika na nyama hai, damu inatoka, donge linabaki. Siku ya tatu, baada ya kulowekwa, kingo zake zinakuwa nyeupe na kujikunja juu, kama ubandiko wa bahasha uliopata maji. Hiyo ndiyo dalili unayoisubiri.

Siku hiyo kaeni wawili, mmoja wa kumshika na mmoja wa kufanya kazi, mahali penye mwanga wa jua. Nawa mikono, vaa glavu. Chemsha kibano dakika kumi. Safisha wayo mzima kwa dawa ya iodini iliyochanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa; rangi yake iwe kama chai ya rangi isiyokolea, si nyeusi kama ilivyo kwenye chupa. Shika ukingo wa kigaga kwa kibano, uinue polepole, huku kidole gumba cha mkono wa pili kikibonyeza nyama ya pembeni kusukuma kutoka chini. Kigaga kilicholowa vizuri kinainuka na mzizi: unaona kifuniko cheusi, na chini yake kimeshikilia donge la njano lenye umbo la chembe ya mahindi, wakati mwingine na vijinyuzi vyeupe vinavyofuata. Kikitoka chote, chini linabaki shimo la rangi ya waridi, safi, na damu kidogo tu.

Kikigoma, acha. Kurudisha kuku majini siku mbili zaidi hakumdhuru, ila kuchimba kunamdhuru. Chini ya wayo, milimita chache tu, kuna kano zinazokunja vidole na viungo vyake. Ukitoboa hapo unaingiza vijidudu mahali ambapo hata daktari atapata taabu kuvitoa. Donge hilo mara nyingi linatoka vipande vipande, leo punje, kesho nyingine, na hivyo ni sawa. Damu ikianza kutiririka, kandamiza kwa gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, dakika tano bila kufunua kuchungulia. Kuku wa kilo mbili hana damu nyingi mwilini, na kijiko kikubwa kimoja kwake si kitu kidogo.

Shimo likiwa wazi, lioshe kwa maji ya chumvi nyepesi: kijiko kimoja cha chai, cha kusawazisha, kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa. Yavute kwa bomba la sindano la mililita kumi lisilo na sindano, uyasukume ndani ya shimo mpaka yanayotoka yawe safi. Ile dawa ya povu inayochemka kwenye kidonda, haidrojeni peroksaidi, itumie mara ya kwanza tu, kama kuna uchafu mwingi. Ukiirudia kila siku inaua nyama changa inayojaribu kuziba. Kisha jaza shimo na asali. Mikoa yetu ya Kigoma na Tabora ina bahati ya asali ya miombo, na asali safi ni dawa nzuri ya kidonda cha namna hii: inavuta majimaji, ina uchachu unaowakera bakteria, na gozi haligandi kwenye nyama. Iwe asali tupu. Iliyochanganywa na sukari ni chakula cha vijidudu.

Kufunga nako kuna ufundi. Kata kipande cha gozi, kikunje kiwe mraba wa sentimita tatu, kiweke juu ya shimo. Plasta ya kitambaa ikate kwa urefu iwe na upana wa sentimita moja, kwa sababu plasta pana haipiti kati ya vidole. Anzia juu ya mguu, pita kati ya kidole cha kwanza na cha pili, zunguka chini ya wayo, panda kati ya cha pili na cha tatu, vuka juu kwa msalaba, malizia kwa duru mbili kwenye muundi. Vidole vibaki wazi ili akanyage sawasawa. Baada ya saa moja mwangalie: kidole kikiwa cha baridi au kimetuna, umekaza, fungua uanze upya. Badilisha kila siku kwa wiki ya kwanza, baadaye siku moja ndiyo moja hapana. Bandeji ikilowa usingoje zamu yake. Bandeji mbichi ni mbaya kuliko kutofunga kabisa.

Wakati huo mweke kwenye tenga pana au boksi lenye kitambaa safi kikavu, mahali anapowaona wenzake, maji na chakula karibu na mdomo. Asipande popote. Donge dogo linapona ndani ya wiki mbili hadi tatu. Lililozama linaweza kuchukua mwezi na zaidi. Mtaalamu wa mifugo aitwe bila kungoja ukiona uvimbe umepita wayo na kupanda muundi, kifundo kimekuwa cha moto, kuku hajala siku nzima, au wiki imepita na donge halijasogea. Huyo ndiye wa kuchana, kwa dawa ya ganzi yenye kipimo cha ndege. Na maambukizi yakifika kwenye mfupa, yapo majeraha ambayo hayaponi, na kumpumzisha kuku asiendelee kuteseka ni sehemu ya kumpenda. Majirani watasema mapema mno, "Huyo mchinjeni tu." Siku ya kwanza ya kuchechemea si siku ya neno hilo. Na aliye katikati ya dawa asiliwe na mtu yeyote.

Kuna mambo matatu yanayofanyika sana mitaani ambayo tunaomba yaachwe. La kwanza ni kumpa kuku diklofenaki ya watu ili apunguze maumivu. Kwa ndege ni hatari kubwa, inaharibu figo. Ndiyo dawa iliyowamaliza tumbusi wa India na Pakistani waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo. La pili ni oili chafu ya gari na mafuta ya taa miguuni. Yanaunguza ngozi na kuingia mwilini kupitia kidonda. La tatu ni kupasua kapsuli za watu na kumwaga unga wake kwenye kidonda. Unaganda, unafunika uchafu, na kigaga kipya kinajengeka juu ya donge lilelile.

Lakini unaweza kufanya yote haya kwa mikono mizuri, na baada ya miezi miwili doa jeusi likarudi. Likirudi, acha kutazama mguu, tazama anapotua.

Fito za kulalia ndizo za kwanza kushukiwa. Kuku chotara mzito, hasa jogoo, anayeruka kutoka mita moja na nusu kila alfajiri juu ya sakafu ya saruji anapiga wayo uleule kila siku. Kwa kuku wazito fito isizidi sentimita 50 kutoka chini. Iwe na unene wa sentimita nne hadi tano, ya mviringo, imepigwa msasa. Mianzi inapendwa kwa sababu ni rahisi, ila ikipasuka ukingo wake unakata kama wembe. Ipitishie kiganja chako kila mwezi, na panapokuchoma wewe, ndipo panapomchoma kuku. Sakafu ya saruji iwe na maranda ya kina cha sentimita nane hadi kumi, na kwa maseremala omba yale laini ya randa, si vibanzi vya msumeno. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua inapiga na maranda karibu na chombo cha maji hayakauki. Chukua kiganja, kamua. Yakishikamana kama tonge, yatoe. Ngozi ya wayo iliyolowa siku nzima inalainika na kuchanika yenyewe.

Uwanja nao una yake. Nyumba zinazokamua mawese hutupa maganda ya kokwa za chikichi nyuma ya jiko, na ganda lililopondwa lina ncha kali kama kigae. Mashina ya makuti ya mchikichi yana miiba. Fagia, au zungushia sehemu hiyo wasifike. Mawese yenyewe, kwa upande mwingine, ni rafiki wa ngozi ya kuku. Kuku aliyepungukiwa vitamini A ngozi yake inakauka na kupasuka, na rangi nyekundu ya mawese ndiyo chanzo cha vitamini hiyo. Kijiko kimoja cha chai kwa kilo ya chakula kinatosha, yakiwa mekundu. Yaliyokaangwa mpaka yakawa meupe yamepoteza kilichokuwa kinatafutwa. Ongeza mchicha au matembele. Punguza mahindi kwa kuku aliyenenepa, kwa sababu kila gramu anayoongeza inabebwa na nyayo mbili tu.

Utitiri wa magamba, kwa kuwa niliugusia, hautaki kisu wala dawa kali. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua taratibu kwa mswaki wa zamani, futa, paka mafuta ya mgando au ya mise, yaani ya kokwa za chikichi, mpaka yaingie chini ya magamba. Mafuta yanawaziba pumzi utitiri. Rudia siku moja ndiyo moja hapana kwa wiki tatu hadi nne, kwa kuku wote wa banda hilo, na fito zipakwe pia. Magamba usiyabandue. Yataanguka yenyewe.

Na uzi wa nyavu. Ni mwembamba, wa nailoni, unasombwa na upepo na matope kutoka mahali nyavu zinaposhonwa, na kuku akifukua unamzunguka kidoleni. Kila akivuta unakaza. Baada ya siku chache nyama inavimba pande zote mbili na kuufunika, usione kitu ila mkunjo mwembamba kama kidole kimefungwa na pete isiyoonekana. Loweka dakika kumi, tumia sindano butu kuunyanyua kutoka upande wa juu wa kidole, ukate kwa mkasi mdogo wa kucha huku ncha ikitazama mbali na nyama. Usifurahi haraka. Mara nyingi ni duru tatu au nne, na ile ya ndani kabisa ndiyo inayokata kidole. Vuta kila kipande, hesabu, angalia tena kwa mwanga. Ncha ya kidole ikiwa imeshakuwa nyeusi na kavu haitarudi. Iache idondoke yenyewe, wewe linda tu pale penye uhai na uchafu.

Wakati wote wa kuuguza mguu mmoja, kagua na ule wa pili kila unapobadilisha bandeji. Uzito wote umehamia huko, na jipu la pili huanzia hapo wakati wewe unashangilia la kwanza kukauka. Wayo ukifunga, ngozi mpya inakuwa nyembamba na ya kung'aa kwa wiki kadhaa. Mrudishe kwa wenzake usiku, si mchana, bandeji ikiwa imetolewa, kwa maana kuku hudonoa chochote cheupe au chekundu wanachokiona mguuni mwa mwenzao. Mpandishe mwenyewe kwenye fito ya chini kabisa, na kesho yake uwe bandani kabla hakujapambazuka, umshushe kwa mkono.